Tao Wanaloliita la Mutinda

Saa nne na robo asubuhi, siku ya Jumanne, jiwe lilidondoka kutoka juu na kupasuka sakafuni katika kanisa kuukuu la mawe lililo nyuma ya Majengo, ambamo haijafanywa ibada kwa miaka mingi. Saa hiyo ninaijua kwa sababu mlinzi alikuwa langoni akilipia mandazi, na mama wa mandazi hupita hapo saa nne na robo bila kukosa, mvua inyeshe isinyeshe. Jiwe lenyewe halikuzidi ukubwa wa mkate mdogo, na halikumgusa mtu. Lakini kufikia saa sita mchana, kutoka Gikomba hadi Shauri Moyo, watu walikuwa wakiambiana kwamba tao la Mutinda linaanguka.

Mimi nilikuwa nyumbani nikichambua maharagwe. Simu ikalia. Alikuwa Mama Mwende, mwenyekiti wa kamati ya majengo ya kanisa hilo.

“Fundi, uko? Njoo utuangalilie. Tao la Mutinda limeanza kumwaga mawe.”

“Limemwaga mangapi?”

“Moja. Lakini moja si ndio mwanzo?”

Nikavaa viatu. Nilipokuwa nikifunga kamba nilijikuta natabasamu, na mke wangu akaniuliza ni nani ameshinda.

Vijana, mwalimu wenu wa ujenzi aliniomba niwaandikie jinsi ya kukagua jengo la zamani, kwa kuwa nimekuwa fundi wa mawe tangu nilipotoka darasa la saba hadi vumbi liliponikalia kifuani, daktari akaniambia niiache kazi kabla haijaniacha. Nitawaandikia. Lakini siwezi kusema lolote kuhusu kanisa lile bila kusema habari za wivu. Nililikagua kwa wivu, na sidhani ningelikagua vizuri hivyo kwa kitu kingine.

Kwanza mlijue jengo. Kuta zake ni za mawe ya kijivu kutoka machimbo ya upande wa Njiru, nene kiasi kwamba ukiketi dirishani miguu yako haifiki ukingo wa nje. Madirisha ni membamba na marefu, yenye ncha juu. Yamepangwa upande ambao jua la mchana haliyapigi moja kwa moja, hivyo ndani kuna mwanga bila joto. Kila baada ya dirisha moja, nje, kuna nguzo fupi pana iliyoegemea ukuta kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe. Hizo tunaziita nguzo za mgongo, na kazi yake si pambo. Paa lilikuwa la vigae vyekundu. Sasa nusu ni vigae, robo ni mabati, na robo ni mbingu. Mnara upo, kengele haipo. Njiwa ndio washirika.

Waliolijenga hawakuacha majina. Niliwahi kutembea humo ndani jioni moja nikihesabu makosa yao, na nikatoka bila kupata hata moja. Nikalala na hasira. Mnaona jinsi nilivyo: huwaonea wivu hata watu nisiowajua.

Katikati ya jengo, mahali wanapoishia waumini na inapoanzia madhabahu, kuna tao kubwa. Hilo halikujengwa na wale wa kwanza. Tulilijenga sisi, nikiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, baada ya moto kuunguza paa. Jiwe la kijivu halipendi moto. Likipata joto na kisha kumwagiwa maji ya wazimamoto, hupasuka kama yai. Tao la zamani lilikuwa limekufa lote, tukaambiwa tuliondoe na kuweka jingine kama lile lile.

Bwana wa kazi alikuwa Mzee Bakari, Mswahili wa Majengo ambaye babu yake alitoka pwani na ujuzi wa chokaa. Watu walimwuliza inakuwaje Mwislamu anatengeneza kanisa. Aliwajibu, “Mvua inachagua dini?” Alikuwa mfupi, mkali, na hakuwahi kutamka neno simiti bila kutema mate pembeni. Kwa jiwe laini la zamani, alisema, chokaa tu. Chokaa inapumua, inaacha maji yatoke ukutani. Simiti ni ngumu kuliko jiwe lenyewe. Huyafungia maji ndani, na baada ya mvua kadhaa uso wa jiwe hubanduka, simiti ikabaki imesimama peke yake kama meno yasiyo na ufizi. Mkumbuke hilo hata kama mtasahau mengine yote.

Alitufundisha kuizima chokaa kwa maji katika shimo, kuikoroga kwa mti mrefu, kuichuja, kuifunika kwa magunia mabichi na kuiacha ilale. Kibarua mmoja aliinama juu ya shimo kuona kama imeiva, ikamrukia usoni akakaa siku kadhaa bila nyusi. Mzee Bakari alimtazama akasema, “Chokaa ni kama posa. Ukiwa na haraka, unaungua.” Ilipokuwa tayari, alichota kwa mwiko, akaugeuza mwiko juu chini. Chokaa ikishika kisha ikateleza polepole, ni sawa. Ikianguka mara moja, bado. Ikigoma kabisa, mtu ameongeza simiti na atatafutwa.

Sasa Mutinda. Alikuja mjini kutoka upande wa Machakos, mtoto wa mchonga vinyago, na mikono yake ilikuwa ya baba yake. Mimi nilipima jiwe mara tatu ndipo nikakata. Mutinda aliligeuza mkononi, akafumba jicho moja, akakata, likaingia. Mimi nilikuwa na kitabu cha hesabu za ujenzi, kisicho na jalada, nilichonunua barabarani kwa pesa ya chakula cha siku mbili na kukisoma kwa taa ya mafuta mpaka nikaelewa kwa nini tao husukuma kando badala ya kushuka chini. Mutinda hakujua kwa nini. Alijua tu. Aliniita Profesa, na mjengo wote ukafuata.

“Profesa, kitabu kinasema leo tutakula nini?”

“Kinasema utakula matusi.”

“Basi niwekee na chumvi!”

Watu walicheka. Kila mara walicheka naye. Wapishi walimwongezea maharagwe. Mimi nilifika mjengoni kabla ya jua, yeye alifika na jua likiwa limeshapasha mwiko wake, na ilipofika saa kumi ukuta wake ulikuwa sawa na wangu. Mtu akikuzidi kwa bidii unaweza kumsamehe. Anayekuzidi bila bidii humsamehi.

Tao hujengwa hivi. Mawe yake huchongwa umbo la kabari, mapana juu, membamba chini, ili yakibanana yasiweze kuteleza. Kabla ya kuyapandisha, unayapanga chini kwenye mchanga, yakiwa yamelala, ili uone kama yanakutana. Mzee Bakari aliyachonga kule kwenye uwanja wake Majengo na kuyapiga namba nyuma. Mimi nikapewa kazi ya kuyapanga. Niliyapanga moja, mbili, tatu, kwa utaratibu, kutoka kushoto kwenda kulia. Nilipofika mwisho, jiwe la kufunga, lile la katikati juu, halikuingia. Nikapima upya. Nikatoa kitabu. Nikapiga mahesabu kwenye mfuko wa karatasi, nikagundua kwamba Mzee Bakari amekosea kuchonga, na nikaenda kumwambia hivyo mbele ya watu wote.

Mzee aliendelea kunoa tindo yake. Alikuwa amesoma chuoni, yaani madrasa, kwa Kiarabu, kabla ya kusoma kitu kingine chochote, na namba zake zilianza kulia, kama alivyoandika maisha yake yote. Mutinda ndiye aliyefika, akatazama, akasema, “Profesa, umelivalisha koti nje ndani.” Walinisaidia kuyageuza huku wakiniimbia. Jiwe la kufunga liliingia kwa sauti ile tamu ya jiwe lililokaa mahali pake.

Kuna desturi mnayopaswa kuijua, maana siku hizi hamna. Tao likiwa linajengwa, linalalia kalibu ya mbao. Mawe yote yakishapanda, mtu mmoja huweka la kufunga. Chokaa ikishashika, kalibu inatolewa, na tao linabaki peke yake hewani kwa mara ya kwanza. Kwa Mzee Bakari, aliyefunga ndiye anayesimama chini yake kalibu ikitolewa. “Akiwa amefunga vibaya,” alisema, “hatutahitaji kumfukuza kazi.”

Kufunga tao ni heshima. Mtu hupewa mara moja katika ujana wake, na akishapewa anaitwa fundi. Sote tulijua ni zamu ya mmoja wetu wawili. Nguzo ya kushoto ya tao nilikuwa nimeijenga mimi, na timazi yake haikutoka hata unene wa ukucha. Asubuhi ile Mzee Bakari alipanda jukwaani, akatutazama, akasema, “Mutinda, funga.”

Akafunga. Kalibu ilipotolewa alisimama chini yake mikono mfukoni, akipiga mluzi. Vumbi kidogo likamwagika begani, basi. Tangu siku hiyo ni tao la Mutinda. Mapadri waliokuja baadaye waliliita hivyo. Maharusi walipiga picha chini ya tao la Mutinda. Nguzo ya kushoto, inayolibeba nusu yake, haina jina. Nilikwenda kwenye harusi ya binti wa jirani, nikakuta mtu ameitundikia nguzo yangu maua ya plastiki ili kuficha waya wa spika.

Mimi nilijua sababu, au nilidhani ninaijua. Nilikuwa nimempinga Mzee mbele ya watu kwa mawe niliyoyapanga nje ndani. Niliibeba sababu hiyo kila nilipokwenda, kutoka mjengo mmoja hadi mwingine, hadi nikastaafu.

Waumini wale wakaongezeka, wakajenga kanisa kubwa huko Barabara ya Kangundo ambako wengi walikuwa wamehamia, na lile la mawe likafungwa. Mwaka huu kamati ikaanza kulifikiria tena. Mama Mwende alitaka liwe shule ya watoto wadogo na ukumbi wa mtaa. Wengine walitaka uwanja wake tu, kwa nyumba za kupangisha. Ndipo jiwe likaanguka, na mkandarasi mmoja akaja haraka kuliko gari la wagonjwa, na bei mkononi: tao libomolewe, mahali pake iwekwe boriti nene ya zege. Kamati ikakubaliana kwamba kama tao ni bovu, hakuna haja ya kutengeneza mengine. Boriti ile pekee ingemaliza pesa zote, kwa hiyo jengo lingeachwa na uwanja ungeuzwa. Tao likiwa zima, kanisa linabaki.

Kwa hiyo nilipoingia mle Jumanne ile, nilikuwa na kanisa zima mkononi, na pamoja nalo jina la Mutinda. Nilitazama juu. Ufa ulikuwepo. Ulianzia karibu na jiwe la kufunga, upande wa kulia. Nguzo yangu, nawakumbusha, ni ya kushoto.

Sijawahi kukagua kitu kwa mapenzi vile. Niliomba jukwaa, nikapanda nikiwa na nyundo ndogo, brashi, tochi na vipande vya kioo. Nilikaa kule juu siku hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata. Kifua kilinibana, nikashuka kupumua, nikapanda tena. Niligonga kila jiwe la tao. Mnatakiwa kugonga kwa mpini na kusikiliza. Jiwe zima hujibu kwa sauti ya juu, fupi. Lililoachana na wenzake hujibu kwa uzito, kama debe la uji. Yote ya Mutinda yalijibu kama kengele. Nikadhani masikio yangu yamezeeka. Nikaanza upya kutoka jiwe la kwanza, safari hii kutoka kulia.

Siku ya pili akaja Injinia Achieng, aliyeletwa na kamati. Ni msichana wa umri wa kitinda mimba wangu, mwenye buti zilizojaa matope halisi, si za kupigia picha. Aliweka kisanduku kidogo kwenye miguu mitatu, akabonyeza, na mstari wa kijani ukazunguka kuta zote nne, sawa kabisa. Mimi na Mutinda tulitumia mpira wa maji asubuhi nzima, mmoja huku, mmoja kule, tukipigiana kelele, kupata mstari kama huo. Sikumpenda kwa dakika chache.

“Shikamoo, mzee. Umeona nini?”

“Nimeona ufa kwenye kazi ya mtu asiyepima.”

Aliinama kuzima kisanduku chake. “Mzee, usiniambie unachotaka kuona. Niambie unachoona.”

Vijana, nimeandika sentensi hiyo kwa rangi kwenye kifuniko cha sanduku langu la vifaa, na bado inaniuma. Nilirudi juu. Nikatazama ufa kama mtu asiyemjua Mutinda. Ulikuwa mpana chini na mwembamba juu. Hiyo ni lugha, na nilikuwa naijua kwa moyo tangu kile kitabu kisicho na jalada: tao linalofunguka kutoka chini, katikati, ni tao ambalo mabega yake yametanuka. Halikukatika. Limepokonywa kitu lilichokuwa linaegemea.

Kisha nikaenda kwa lile jiwe lililoanguka. Mlinzi alikuwa amelihifadhi kwenye gunia kama ushahidi wa mauaji. Mawe ya tao tuliyachonga kwa tindo, na uso wake una mistari ya kulala, kama nywele zilizochanwa. Hili lilikuwa na uso laini, kazi ya wale wa kwanza. Na ukingoni lilikuwa na simiti. Sisi hatukutumia simiti. Mzee Bakari angetufukia. Jiwe halikutoka kwenye tao hata kidogo. Lilitoka kwenye ukuta ulio juu ya tao, ambako mafundi fulani wa baadaye walijaza viungo kwa simiti, na uso wa jiwe ukabanduka kama nilivyowaambia.

Nililirudisha ndani ya gunia. Nilikuwa nimepata kila kitu isipokuwa nilichokuja kutafuta.

Bado ilibaki kujua kwa nini bega limetanuka. Nilikuwa nimetazama juu siku zote hizo. Achieng ndiye aliyetazama chini. Alizunguka nje, akasimama kwenye nguzo ya mgongo ya upande wa kulia, akaniita. Gata la paa, ule mfereji wa kukusanya maji ya mvua, lilikuwa limejaa majani na viota, maji yote ya nusu ya paa yakawa yanamwagika hapo, mahali pamoja, masika baada ya masika. Akaomba jembe. Hata hakuchimba kina. Chini ya ule mguu wa nguzo palikuwa pamekuwa uji, na mti wa mkuyu ulikuwa umeingiza mizizi kunywa. Nguzo ilikuwa imezama kidogo na kuegemea nje, ikiuacha ukuta, na ukuta ukaliacha tao.

“Kwa hiyo tao ni zima,” alisema.

“Ni zima,” nilisema. Neno lilitoka kama jino.

Tuliweka alama kwenye ufa, yeye kipimo chake cha plastiki chenye mistari, mimi kipande cha kioo kilichogandishwa kwa plasta pande zote mbili. Ufa ukisogea, kioo kinavunjika, hakina uongo. Basi mkikagua jengo, lizungukeni mara mbili, mara moja macho juu, mara moja macho chini, na ya chini iwe ya kwanza. Maji ndiyo mwizi wa kwanza, na huingilia kwenye gata.

Mutinda alikuja Ijumaa. Sikuwa nimemwona tangu mazishi ya Mzee Bakari. Anaishi Njiru, kwenye nyumba yake mwenyewe, yenye ghorofa, na hilo nalo nilikuwa nimeshalisikia bila kuuliza. Alikuja na fimbo na chupa ya chai. Magoti yake hayapandi jukwaa tena, akaketi chini kwenye benchi pekee lililobaki, akanitazama kule juu. Niliona amekonda. Hakunitania. Hilo ndilo lililonishtua.

“Profesa.”

“Naam.”

“Shuka kidogo. Siwezi kukuuliza nikipiga kelele.”

Nikashuka. Alinimiminia chai kwenye kifuniko, akamwaga kidogo.

“Tangu Jumanne sijalala,” alisema. “Nawaza wale maharusi wote. Watoto waliobatizwa pale. Mlinzi anasema watoto wa mtaa huingia kucheza mpira humu mvua ikinyesha. Mimi sikupima lile jiwe, unajua? La kufunga. Niliona linafaa tu, nikaliweka. Miaka yote hii wananisifu, nami najua sikupima. Niambie ukweli. Ni mimi?”

Nilikuwa nimengoja maisha yangu yote Mutinda aniulize swali ambalo jibu ninalo mimi. Nilidhani litakuwa tamu kuliko hivyo. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi.

“Si wewe,” nilisema. “Ni gata.”

“Gata?”

“Gata na mkuyu. Nimegonga mawe yako yote. Nimeyagonga mara tatu, Mutinda. Nilitaka sana iwe wewe.”

Alinitazama, kisha akaanza kucheka, kicheko kile kile cha mjengoni, mpaka machozi yakamtoka na njiwa wakaruka. “Najua ulitaka! Ndiyo maana nilimwambia Mama Mwende akuite wewe. Yule mkandarasi angetazama dakika tano. Nikasema, mtafuteni Profesa. Kama lina kosa hata la nywele, yule bwana atalipata, na atafurahi!”

Sikujua niliweke wapi hilo. Nikamwuliza nililokuwa nimelibeba.

“Kwa nini alikupa wewe kufunga? Ni kwa sababu ya yale mawe niliyoyageuza?”

“Yale? Mzee alicheka yale hadi akaumwa. Alipenda ulivyombishia.” Akafuta macho. “Hukuambiwa mpaka leo? Asubuhi ile aliniita kando. Akaniuliza, ‘Wewe una mke?’ Nikasema sina. ‘Una mtoto mahali?’ Nikasema sijasikia. Akasema, ‘Basi utafunga wewe. Nilikuwa nimempangia Profesa, lakini mkewe ana mimba. Nikimsimamisha chini ya mawe na mawe yakashuka, nitamwambia nini yule msichana?’ Akaniambia nisikwambie, ungebisha na kuleta kitabu.”

Njiwa walirudi mmoja mmoja. Mimba ile ni mwanangu wa kwanza, ana watoto watatu sasa. Nilimwona tena akilini Mzee Bakari pale jukwaani, akitutazama wawili, na kwa mara ya kwanza nikajua alikuwa anatazama nini.

Mnatarajia niwaambie kwamba wivu uliniisha hapo. Nami nilitarajia. Kwa miaka yote nilimwonea Mutinda wivu kwa sababu nilidhani alinizidi. Kuanzia Ijumaa ile namwonea wivu kwa sababu hakunizidi, na tao bado ni lake. Tena alijua, nami sikujua. Alikuwa na siri yangu mfukoni wakati wote anapiga mluzi.

Kazi tuliifanya kama inavyotakiwa. Tuliegemeza tao kwa magogo, tukang'oa mkuyu na mizizi yake, tukachimba chini ya nguzo ya mgongo kipande kwa kipande, kamwe si yote kwa pamoja, na kujaza mawe mapya. Simiti yote ya juu tukaitoa kwa tindo ndogo, tukajaza chokaa niliyoilaza mwenyewe kwenye pipa nyuma ya nyumba yangu, mke wangu akilalamika kuhusu harufu. Achieng alibuni gata jipya, pana, lenye kifuniko cha wavu. Ni gata zuri. Nalionea wivu pia. Ufa tuliujaza mwisho. Kioo changu hakikuvunjika.

Siku kamati ilipokutana mle ndani kupokea kazi, mabenchi yalikuwa yameazimwa kutoka kila nyumba. Mama Mwende alisimama chini ya tao akaeleza yote, gata, mkuyu, nguzo, kisha akasema, “Na tao la Mutinda halikuwa na kosa lolote.” Watu wakapiga vigelegele. Mutinda akainuka kwa fimbo yake.

“Msinishukuru mimi,” alisema. “Mshukuruni Profesa. Yeye ndiye aliyelikagua.”

Hata kwenye unyenyekevu alinitangulia. Wakampigia makofi zaidi.

Mama Mwende akaniomba niandike hesabu ubaoni, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Niliandika bei ya mkandarasi ya kubomoa na kuweka boriti, shilingi 2,140,000. Chini yake nikaandika gharama yetu yote, pamoja na gata, 612,400. Nikapiga mstari kwa rula. Nyuma yangu nilisikia mtu akinong'ona, “Tazama tao la Mutinda lilivyotuokolea pesa.” Sikugeuka. Nikaandika jibu: shilingi 1,527,600.